Mshika Manyoya wa Malkia

Siku hiyo Tunu alilala mchana, jambo ambalo wengine wakilifanya yeye huwasema mpaka wajute. Asubuhi alikuwa amegombana na wifi yake, Saumu, katika karakana yao ya picha pale Tanga. Picha ikishachorwa kwenye kanvasi hukazwa kwenye fremu ya mbao, na kazi hiyo inataka watu wawili: mmoja avute kitambaa kwa koleo mpaka kikigongwa kilie kama ngoma, mwingine apige pini kwa nyuma. Tunu huchora na kupiga pini, Saumu huvuta. Safari hii hoteli mpya ilikuwa imeagiza picha sita za ukutani, zichorwe kwa kufuata picha za kale za wafalme na malkia wa Hawaii, na Tunu aliandika jina lake chini ya kila moja kwa rangi ya dhahabu. Saumu akauliza kwa upole la kwake litakaa wapi. Tunu akamjibu kwamba mvuta kitambaa si mchoraji. Saumu akaweka koleo mezani, akajitanda kanga yake. "Haya wifi, ya mwisho utaivuta mwenyewe," akasema, akaenda zake, na hakusema kama atarudi.

Ya mwisho ilikuwa ya malkia, na gari la hoteli lingeifuata kesho yake asubuhi. Malkia alivaa joho la manyoya ya njano, na kushoto kwake alisimama mwanamke mwenye fimbo ndefu iliyovishwa manyoya juu, kwa desturi ya nchi yao. Tunu alijaribu kuivuta peke yake, kitambaa kikamshinda. Akaona achukue fremu nyembamba zaidi, inayowezwa na mtu mmoja, na ule upande wa mshika manyoya aukunje nyuma. Nani angegundua kwamba hayupo? Hata hivyo picha ilijaa mikunjo. Akaketi mkekani kwa hasira, na usingizi ukamchukua hapo hapo.

Akajiona anatembea katika nchi ambayo ardhi yake ilikuwa kanvasi tupu, nyeupe, ikinukia rangi mbichi, na kila alipokanyaga pakabonyea kidogo. Alipaswa kuogopa, lakini alitamani kujua njia inakwenda wapi. Mbele kulikuwa na ukuta mrefu uliopakwa kila rangi, na langoni ameketi mtu mnene aliyejipulizia manukato, jina lake Bwana Sifa. "Karibu, mama, keti hapa. Hapa ndipo mbele, na watu wote hutazama huku," akasema, akimvutia kiti. Tunu alikuwa karibu kuketi alipomwona mwanamke mwembamba akipapasa ukuta kwa vidole vyenye masizi, akichungulia kila ufa. Huyo alikuwa Bi Udadisi. "Ukikaa hapo hutaambiwa uongo," akamwambia Tunu taratibu. "Utaonyeshwa nusu, nawe utaridhika nayo. Mimi nakwenda nyuma kuangalia kinachoushikilia ukuta huu. Ukipenda, nifuate."

Wakampita malkia, ameketi kwenye kiti chake na joho lake la njano, shingo ameigeuza kushoto. Tunu akamsalimu kwa adabu na kumuuliza anatazama nini. "Namtafuta mshika manyoya wangu," malkia akasema. "Kwetu watu huyaona manyoya kwanza, ndipo wakajua nani anakuja. Bila yeye mimi ni mama mmoja aliyevaa vizuri." Tunu akaona aibu, lakini hakusimama, maana alitaka kujua mwanamke yule anaishije huko alikomweka.

Nyuma ya ukuta kulikuwa na wakazi wengi, wote wamekunjwa kiunoni. Bi Subira alikuwa akishona akiwa ameinama, na kijana Kiburi akipita na mfuko wa pini, akigongelea popote penye kutikisika. Mwisho wa safu Tunu alimkuta mwanamke wake. Mgongo ulikuwa umepinda, pini imepita shavuni, ila fimbo ya manyoya ilikuwa imesimama wima. Alijiita Uaminifu. Chini ya miguu yake kulikuwa na maandishi ya dhahabu, na Tunu alipoinama kuyasoma akakuta ni jina lake mwenyewe. Kumbe alipomkunja yule alijikunja naye.

"Usinililie," Uaminifu akasema. "Ninyooshe."

Tunu akang'oa pini, akashika ukingo wa kitambaa na kuvuta kwa nguvu zake zote, wala hakikusogea. Akamwomba Bi Udadisi amsaidie.

"Kazi yangu ni kuuliza tu," Bi Udadisi akajibu. "Kuvuta kuna mwenyewe. Ni nani?"

Tunu aliamka na jina la wifi yake mdomoni. Adhana ya alasiri ilikuwa ikisikika. Akaigeuza picha, na nyuma ya mbao akamkuta mwanamke amekunjwa, pini shavuni, na jina la dhahabu chini yake. Akazing'oa pini zote, akachukua koleo na kwenda nalo hadi kwa Saumu, akamkuta anachagua mchele.

"Nimekosa, wifi," akasema. "Nimekuja kukuuliza. Jina lako litangulie au lifuate?"

Saumu alitoa chuya ya mwisho. Kisha akasukuma ungo pembeni. "Kwanza nikaone ulivyoiharibu."

Aliiona, akacheka mpaka akashika meza. Wakarudisha fremu pana, Saumu akavuta, Tunu akapiga pini, na kitambaa kikalia. Malkia akatokea na mshika manyoya wake kando, huyu akiwa na tundu dogo shavuni, ambalo Tunu alilipaka rangi kwa uangalifu. Kisha akampa Saumu brashi yenye dhahabu, aandike mwenyewe. Mkono uliozoea koleo uliikaba brashi kwa nguvu mno, na Tunu akaushika kiwikoni, hakuuachia mpaka jina lilipokwisha.