Kibanda cha Mia Moja Kumi na Tisa

Serwaa Ntiamoah alifundisha kemia miaka thelathini na mmoja katika shule ya bweni ya wasichana. Alipostaafu akafanya jambo ambalo mwalimu mwenye kujipenda halifanyi: aliwatafuta wanafunzi wake wa zamani akawauliza wanakumbuka nini. Mmoja, ambaye sasa ni meneja wa benki, alikumbuka kwamba Madamu alikuwa na viatu vya kijani. Wa pili alikumbuka harufu ya mayai viza kule maabara. Wa tatu, daktari wa meno, aliapa kwamba anakumbuka kila kitu, lakini alipoulizwa sodiamu ni nini, alikuna kichwa akasema, "Si ile ya kwenye betri, Madamu?"

Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akitwanga maji kwenye kinu. Serwaa akarudi kwao Asuokwaa, akakaa siku nne barazani bila kuzungumza na mtu, akila kenkey baridi, ule ugali wa mahindi uliochachuka, na pilipili. Siku ya tano akatoka kwenda sokoni kununua bamia, na huko ndiko alikouona ukuta.

Ulikuwa ukuta mpya, umezunguka soko lote, umepakwa chokaa nyeupe, na chini yake vibanda vilikuwa vimepangwa kimoja baada ya kingine kama meno. Serwaa akavihesabu. Vilikuwa mia moja kumi na tisa. Elementi zote zinazojulikana duniani, tangu haidrojeni mpaka ile ya mwisho, ni mia moja kumi na nane, pungufu ya moja tu. Mtu mwingine angeona ni sadfa tu. Serwaa aliona ni amri.

Akaandika barua kwa baraza la mji, kurasa sita. Baraza likakubali, kwa sababu hakuna aliyefika ukurasa wa pili. Mchoraji akafanya kazi majuma matatu, Serwaa kasimama nyuma yake akimsahihisha, na mwisho wake kila kibanda kikawa na kisanduku chake ukutani: namba, alama na jina. Juu ya kibanda cha mwisho, cha mia moja kumi na tisa, ukuta ukaachwa mtupu.

Kila Alhamisi asubuhi, kabla wanunuzi hawajajaa, Serwaa alipita na kipaza sauti cha mkononi akifundisha. Mwezi wa kwanza wauzaji walimwona kama redio ya jirani. Ndipo alipofanya kosa. Ili wakumbuke, akaacha kusema "elementi ya kumi na moja" akaanza kusema "Abrafi."

"Abrafi huyu," alisema, akimwonyesha mama aliyekuwa akiuza mboga za majani chini ya kisanduku cha sodiamu, "ana kachembe kamoja ka ziada nje kabisa, kanamwasha. Anatafuta wa kumpa. Na akikutana na maji, balaa! Analipuka!"

Soko zima likageuka kumtazama Abrafi. Naye, mjane wa miaka arobaini na miwili ambaye hakuna aliyewahi kumwogopa, akajiona amekuwa mtu.

Kuanzia siku hiyo hakunyunyizia mboga zake maji. Mvua ikianza kudondoka alipiga yowe, "Nisogeeni mbali, mimi sitaki kuua watu!" na watu wakasogea kweli. Mwenye kibanda cha kumi, cha neoni, aliposikia kwamba elementi yake imekamilika na haihitaji kushirikiana na yeyote, aliacha kuitikia salamu. Mwenye kibanda cha mia moja kumi na nane, mkaanga ndizi, aliambiwa elementi yake ikitengenezwa haidumu hata kupepesa jicho. Akawa anafungua kibanda, anafunga, anakwenda zake nyumbani, moyo mweupe kabisa.

Lakini aliyetia fora alikuwa Maame Dufie wa kibanda cha sabini na tisa. Maame Dufie aliuza samaki wa kuvunda, wale wa kutia kwenye mchuzi, ambao harufu yao hutangulia kufika sokoni kuliko yeye. Juu ya kichwa chake paliandikwa: dhahabu.

"Mama, nipunguzie kidogo," mnunuzi alimwambia.

"Nikupunguzie? Soma hapo juu. Dhahabu inapunguzwa?"

"Lakini samaki wananuka!"

"Dhahabu haishiki kutu wala haiozi. Kinachonuka ni pua yako."

Serwaa alisikia haya yote kwa moyo wa namna mbili. Alijua anapaswa kusikitika. Ila usiku alilala akitabasamu, maana mama asiyejua kusoma alikuwa amemweleza mnunuzi, bila kukosea, kwamba dhahabu haishikani na hewa.

Juma la saba, Agya Badu, mshona nguo wa kibanda cha kumi na saba, alimfuata Serwaa nyumbani na chupa ya jini. Alikuwa amemposa Abrafi mara mbili na mara mbili amekataliwa.

"Madamu," alisema, "mimi ni klorini. Ulisema mwenyewe nimepungukiwa na kachembe kamoja."

"Nilisema klorini, Agya. Elementi."

"Na Abrafi anako ka ziada. Tukiungana tunakuwa chumvi. Sasa nauliza, mwanamke anaweza kukataa jambo lililoandikwa ukutani?"

Serwaa akamwambia hilo si la kemia. Agya Badu akaenda kurudia hoja yake ileile sokoni, mbele ya watu, na Abrafi akamjibu huku akifunga mafungu ya mboga bila kumtazama.

"Umemaliza? Haya. Potasiamu wa kibanda cha kumi na tisa naye ana kamoja ka ziada. Lithiamu wa cha tatu naye anako. Kawapose hao! Mimi kachembe kangu nitampa ninayemtaka."

Soko likapiga vigelegele. Agya Badu akatafakari, akamgeukia muuza sabuni wa kibanda cha kumi na tisa, ambaye hakuwa ameolewa. Harusi ilifanyika baada ya majuma matano, na wapishi walitia chumvi kupita kiasi kwa makusudi, kila sufuria.

Basi, kibanda cha mia moja kumi na tisa kilikuwa cha nani? Kilikuwa cha ikulu. Kilitunza miavuli mibovu ya mfalme, na hakuna aliyekijali, mpaka siku mke wa Nana, kama watu walivyomwita mfalme, alipokwenda sokoni akarudi na habari kwamba mama wa samaki wa kuvunda amepewa dhahabu na Nana amepewa ukuta mtupu.

Serwaa akaitwa. Akavua viatu mlangoni, akakabidhi kinywaji chake cha heshima, akakaa. Nana Obiri Kwakwa, mzee mnene mwenye macho ya usingizi, hakumsemesha moja kwa moja, kama desturi ilivyo. Alinong'ona, na Okyeame Dankyi, msemaji wake, akayapaza.

"Nana anauliza: dhahabu ni ya nani katika nchi hii?"

"Ni ya kiti cha mfalme."

"Nana anauliza: basi iko kwa muuza samaki kwa hati gani?"

"Mwambie Nana si mimi niliyepanga. Kila elementi ina hesabu ya chembe zake za ndani. Dhahabu ina sabini na tisa. Ukiiondolea moja inakuwa platini. Ukiiongezea moja inakuwa zebaki. Hata mimi siwezi kuisogeza."

Nana akanong'ona kwa muda mrefu.

"Nana anasema amekuelewa vizuri. Anasema isogeze."

"Okyeame, haisogezeki!"

"Nana anasema kama haisogezeki, basi yeye awekwe namba moja."

Kabla Serwaa hajajibu, sauti ikatoka mlangoni. Ilikuwa ya Maame Foriwaa, muuza bamia wa kibanda cha kwanza, bibi wa miaka themanini aliyekuja kusikiliza bila kuitwa. "Samahani Nana, mjukuu wangu," alisema, maana alikuwa amemzidi umri na alimlea. "Namba moja ni mimi. Haidrojeni. Nimo kwenye maji unayokunywa, nimo kwenye mafuta ya mawese, nimo kwenye supu yako na kwenye mkojo wako. Nikitoka mimi, wewe hubaki. Tafuta kwingine."

Serwaa akaona amebakiwa na ukweli tu.

"Mwambie Nana kibanda chake hakikusahauliwa," alisema. "Elementi ya mia moja kumi na tisa haijagunduliwa. Wataalamu wa nchi kubwa wanaitafuta mchana na usiku, kwa mitambo mikubwa kuliko mji huu. Mpaka leo hawajaipata."

Macho ya usingizi yakafunguka. Kwa mara ya kwanza Nana alisema kwa mdomo wake mwenyewe.

"Wananitafuta?"

"Wanaitafuta elementi, Nana."

"Nchi kubwa?"

"Ndiyo, Nana."

"Na hawajanipata." Akaegemea kiti, akavuta pumzi kama mtu aliyepewa habari aliyoisubiri maisha yake yote. "Okyeame, kikao kimekwisha. Sijagunduliwa."

Ilionekana mambo yameisha vizuri, na Serwaa alirudi nyumbani akala fufu bakuli mbili. Siku ya tatu Okyeame Dankyi akaja barazani kwake, hana fimbo yake ya dhahabu ya usemaji, ana uso wa mtu asiyelala.

"Madamu, umetuua. Nana hatoki chumbani. Kuna kesi ya mpaka wa shamba, watu wamekaa uani tangu Jumatatu. Nikimwita anasema, 'Mtu hawezi kuletewa kesi kabla hajagunduliwa.' Chakula kinapitishwa chini ya pazia. Mkewe amemwona mara ya mwisho Jumapili."

"Nizungumze naye?"

"Uzungumze na nani? Anasema hayupo!"

Majuma mawili yakapita. Mbuzi waliokamatwa wakila mihogo ya watu walizaa wakiwa mahabusu, kwa sababu hakukuwa na wa kuwahukumu. Ikakaribia Akwasidae, sikukuu ambayo mfalme lazima akae mbele ya watu wake, na wazee wakapiga magoti mbele ya pazia. Nana akajibu kwamba atatoka, ila kwa utaratibu. Alikuwa amefanya uchunguzi wake: jirani yake wa kibanda cha mia moja kumi na nane akipatikana hadumu hata kupepesa jicho. Yeye hawezi kudumu zaidi. Isingekuwa haki.

Siku ikafika. Watu walijaa uwanjani, ngoma zikanguruma, bunduki za baruti zikapigwa. Kiti cha Nana kiliwekwa chini ya mwavuli mkubwa, kimezungushiwa vitambaa vya kente vilivyoshikwa na wanaume wanne. Saa sita juu ya alama, Okyeame akainua mkono. Vitambaa vikashuka. Vikapanda.

"Amegunduliwa!" watu wakapiga kelele.

"Nimemwona!" mmoja alisema.

"Umeona nini? Mimi nimeona mkono."

"Nilipiga chafya! Warudie!"

"Mimi nimeona kandambili," Maame Dufie alisema. "Za dhahabu. Nazijua, ni ndugu zangu."

Nyuma ya vitambaa wachukuzi walikuwa tayari wanamwondoa Nana. Serwaa, aliyesimama na wazee, alijiona kama mtu aliyemfundisha mtoto kuwasha kibiriti. Huyu mtu atakaa chumbani mpaka afe, na watoto wataambiwa ni kemia iliyomtia humo.

Ndipo Maame Foriwaa alipojikongoja hadi katikati ya uwanja na kuinua mkongojo wake.

"Simameni hapo! Mnampeleka wapi huyo? Madamu alisema ugunduzi wa mara moja si ugunduzi. Lazima urudiwe. Na urudiwe na watu wengine, mahali pengine, nao waone kilekile. Hapa kila mtu ameona lake. Mmoja mkono, mmoja kandambili. Hiyo ni sayansi au ni ngoma ya vipofu?"

Serwaa alijaribu kukumbuka alisema hivyo lini. Ilikuwa Alhamisi moja ya mvua, karibu na vibanda vya mwisho, sentensi moja tu, kipaza sauti kikikwaruza, na aliamini hakuna aliyesikiliza.

Wazee wakajadiliana. Minong'ono ikapita ndani ya vitambaa, ikatoka. Okyeame akatangaza kwamba Nana anakubali: bila kurudiwa, hatakuwa amegunduliwa kikamilifu, na wataalamu wa nchi kubwa wasije wakamtangulia.

Akarudiwa hapohapo. Mara ya pili watu wakaona mkono na tumbo. Akapelekwa mtaa wa wahunzi, wakamwona mpaka kifuani. Mtaa wa juu, kwa wasaga mahindi, walilalamika kwamba kupepesa jicho ni kipimo kibaya kwa sababu wazee wengine hupepesa polepole. Akakubali kukaa kwa muda wa pumzi tano. Kufikia alasiri vitambaa vilikuwa vizito mno kwa wanaume wale wanne waliochoka, wakaviweka chini, na Nana akawa amekaa wazi kabisa juani, akibishana na mahasimu wa lile shamba kuhusu mti wa mpaka, kwa sababu walikuja kuthibitisha wamemwona na hawakuondoka. Hakuna aliyemkumbusha kwamba muda wake umepita. Mbuzi wakaachiwa na vitoto vyao.

Alhamisi iliyofuata Serwaa alifika sokoni kinyonge kidogo, kipaza sauti chini ya kwapa, hajui kama atazomewa. Abrafi alikuwa amekaa chini ya mwavuli mpya, mbingu nyeupe bila wingu. Mtu wa neoni hakumsalimu. Alipofika kibanda cha sabini na tisa, Maame Dufie akamshika mkono, vidole vikinuka samaki.

"Madamu, kaa kidogo. Hili linaninyima usingizi. Mimi sabini na tisa nadumu milele. Yule mkaanga ndizi, mia moja kumi na nane, hadumu hata kupepesa jicho. Nilidhani ukiwa mkubwa ndiyo unakuwa na nguvu. Kwa nini mkubwa ndiye anayevunjika?"

Serwaa akamtazama. Miaka thelathini na mmoja, na hakuna msichana hata mmoja aliyewahi kumuuliza hilo. Akaweka kipaza sauti chini, akageuza kreti tupu akakaa, akachukua samaki wawili wa kuvunda toka mezani na kuwashika pua kwa pua.

"Sasa hawa wawili," alisema, "tuseme ni chembe za ndani, na hawapendani..."