Ubao wa Zahanati

"Na nikianguka ndani ya sufuria, Baba Kabura, utasema burashi iliteleza?"

Magdaline alikuwa amesimama juu ya debe ili amtukane jirani yake vizuri. Theuri, mchoraji wa mabango wa pekee hapa Mukurweini, hakushuka kwenye ngazi.

"Mama Ndungu, si mimi. Ubao ni futi nane kwa nne. Nikiongeza mmoja, lazima nipunguze mwingine."

"Basi punguza Ngatia!"

Majirani waliokuwa wamefika na vikombe vyao vya chai walicheka. Hakuna aliyetaka kukosa.

Zahanati ile ilijengwa na wanawake, miaka kumi baada ya uhuru. Walibeba mawe mgongoni kutoka mtoni, Magdaline akiwa mbele. Ngatia, mwenyekiti wa kamati, alibeba kofia yake. Kwenye ubao jina lake lilikaa juu, na chini kabisa palikuwa na mstari uliosema "kwa msaada wa akina mama". Kila Ngatia alipotaka jina lake likuzwe, mstari ule ulibanwa, na wanawake wale waliojenga wakapungua nao. Kufikia mwezi wa saba walikuwa kimo cha ndoo. Watu walizoea. Padri aliwahamishia kwenye viti vya mbele kanisani. Waume walifurahi kwamba kitambaa kimoja cha kichwa sasa kilitoa nguo mbili. Maji waliendelea kuteka wao, ila kwa birika.

Adhuhuri Ngatia alifika kukagua.

"Hapa mbona umeacha wazi? Rangi imeisha?"

"Hiyo ni nafasi, mzee. Herufi lazima zipumue."

"Ziende zipumulie kwako. Jina yangu haionekani."

"Inaonekana mpaka Othaya."

"Kuna watu Othaya hawana miwani. Hao nao?" Akaelekeza fimbo chini. "Na hii uchafu huku, futa yote. Inaharibu sura."

Theuri alielewa uzito wa neno hilo. Mwaka uliotangulia alikuwa amefuta "na Wanawe" kwenye duka la mzee Gicheru, na mpaka leo Gicheru hula peke yake.

Jioni alimweleza Magdaline. "Nikifuta, sijui mtaenda wapi."

Magdaline aliutazama ubao kutoka chini, kisha akauzunguka.

"Huku nyuma kuna nini?"

"Mbao tupu."

"Ati tupu? Na wewe ndio unaitwa fundi!"

Theuri aliushusha ubao, akaugeuza, akaandika nyuma kwa herufi kubwa zenye nafasi ya kutosha: WANAWAKE WALIOJENGA HAPA. Ndipo akafuta mstari wa mbele. Rangi ilipokauka Magdaline alikuwa amerudi kimo chake, akilalamika kwamba viatu vyake alishampa mjukuu. Wenzake walirudi pia. Shida ilikuwa moja tu: yeyote kati yao aliyepita mbele ya ubao hakuonekana tena mpaka arudi nyuma.

Siku ya kufungua zahanati, ubao ulisimamishwa kwenye nguzo mbili. Upande wa Ngatia ulitazama barabara na viti vya wageni. Upande wa pili ulitazama meko. Ngatia alihutubia hadi mbuzi wakaiva. Kisha sahani za mukimo na nyama zikatokea nyuma ya ubao, zikaja hewani moja moja, kimo cha bega la mwanamke, zikatua mapajani mwa wageni. Hakuna aliyeuliza kitu. Bwana mmoja kutoka Nyeri alisogeza kiti ili zipate njia, akaomba chumvi, na chumvi ikaja.

Ngatia alimshukuru Mungu kwa chakula, akaishukuru kamati, akaishukuru serikali. Sahani yake ilisita kidogo mbele ya uso wake, usawa wa pua, halafu ikatua kama nyingine. Alipokuwa anatafuna alimwita Theuri, akamwambia josho la ng'ombe nalo litafunguliwa karibuni na jina lianze kufikiriwa mapema.

Theuri aliitika. Alikuwa amesimama kando ya nguzo tangu asubuhi, maana wachoraji hawawekewi kiti, na sahani zote zilikuwa zimempita.

"Baba Kabura," sauti ya Magdaline ilisema karibu na sikio lake, pasipo na mtu. "Unakauka hapo kama rangi yako. Pita huku nyuma ukae, chakula ni kingi."