Shaba za Mzee Tulloch

Jumamosi saa nne asubuhi, Grizel Mowat alikuwa amekwisha piga pasi mashati tisa, na bado kola za Tulloch mwenye duka, ambazo zilitaka stachi mpaka zisimame zenyewe. Mvua ya Dunedin, huku New Zealand, ilikuwa na siku ya nne bila kukatika. Nguo za watu zilining'inia ndani, juu ya kitanda, juu ya meko, juu ya sufuria ya uji wa oti, naye alipita akiinama chumbani mwake mwenyewe. Sabuni ilikuwa imepanda, makaa yamepanda, hata maji ya mkokoteni yamepanda. Ujira wa kufua shati ndio uliokaa palepale tangu mwaka juzi.

Akaziacha kola. Akatoa chini ya godoro soksi ya marehemu mumewe, nzito kwa sarafu za shaba, akaificha ndani ya shali na kutoka mbio. Afisi ya wahamiaji ilifungwa saa sita, naye alitaka jina moja tu liandikwe: Osla Mowat, miaka kumi na mmoja, binti yake, aliyemwacha kwa bibi yake kule Wick, Scotland. Bibi alikuwa amefariki. Barua ya mwisho ilisema mtoto analala kwenye banda la samaki na kupasua heringi tangu alfajiri pamoja na wanawake wazima. Amana ya kumleta ilikuwa pauni moja, yaani shilingi ishirini, au peni mia mbili arobaini. Orodha ya majina ingeondoka na meli ya barua Jumatatu adhuhuri, na orodha nyingine ni mwakani.

Karani, mtu wa mafua yasiyokwisha, alichota shaba chache akazitazama.

"Mama, hizi nini?"

"Peni. Mia mbili arobaini na moja. Hesabu mwenyewe."

"Hizi si peni. Hizi za Tulloch." Akageuza moja mezani. Upande mmoja kondoo. Upande wa pili, A. TULLOCH, NGUO NA VYAKULA, INALIPWA HAPA. "Serikali haipokei vitu vya dukani."

"Mbona mji mzima unapokea? Wewe mwenyewe juzi umenilipa mashati yako kwa hizi hizi!"

Karani akapenga kamasi taratibu. "Nilikulipa kama mimi. Hapa nimekaa kama serikali. Lete fedha nyeupe ya Malkia, Jumatatu kabla ya saa sita."

Peni za Malkia zilikuwa adimu mjini, na Tulloch alikuwa ameagiza zake mapipa kwa mapipa kutoka Birmingham. Alizitoa kama chenji. Matajiri wakazichukua kuwalipa vibarua. Vibarua wakalipia kufuliwa nguo zao. Kila mtu alimsukumia yule asiyeweza kukataa, na baada ya mfuaji hakukuwa na wa kusukumiwa. Benki walimcheka kabla hajavuka kizingiti.

Basi akaenda kwa mwenye jina lake juu ya shaba. Tulloch alikuwa akipima sukari, mzee wa kanisa mwenye sauti ya upole, mtu ambaye hajawahi kuonekana akigombana.

"Mama Mowat! Kola zangu ziko wapi? Kesho nasimama kwenye sahani ya sadaka."

"Zinakauka. Nimekuletea shaba zako, mzee. Nipe pauni yangu."

"Pauni ya bidhaa? Hata sasa hivi. Unga, chai, kitambaa kizuri cha gauni..."

"Mtoto wangu hapandi meli kwa unga."

"Tangazo liko mlangoni tangu Jumatatu. Bidhaa tu, si fedha."

"Na hapa pameandikwa inalipwa hapa."

"Nami nalipa, mama. Nakataa? Nikupimie sukari kiasi gani?"

Sukari nayo ilikuwa imepanda tangu Jumatatu. Grizel alihisi hasira ikimpanda mpaka masikioni, hasira ya miaka miwili ya mikono ndani ya maji ya moto. Alifunga soksi yake akaenda nyumbani, na kola hakuzigusa tena.

Asubuhi ya Jumapili alisimama upande wa pili wa barabara akisubiri sahani ijae. Ilikaa juu ya kigoda mlangoni mwa kanisa, na Tulloch nyuma yake, shingoni kola ya wiki iliyopita. Watu walipita mmoja mmoja wakiangusha vipande vyeupe vya peni tatu, kwa sababu kutoa shaba mbele ya macho yale ilikuwa aibu. Asiye na kipande kidogo aliweka kikubwa, akajichukulia chenji sahanini, na hakuna aliyeshangaa. Ndivyo walivyofanya tangu Scotland. Kengele ilipokaribia kunyamaza, Grizel akavuka barabara. Nyuma yake walikuja mafundi mawe waliochelewa.

Akaigeuza soksi. Shaba ziliporomoka kwa kishindo kilichogeuza vichwa ndani ya kanisa. Halafu akaanza kuokota vipande vyeupe.

"Moja. Mbili. Tatu."

"Mama Mowat, unafanya nini?"

"Nachukua chenji, mzee. Nimeweka mia mbili arobaini na moja. Moja ya Bwana, zilizobaki zangu. Peni tatu mara themanini, pauni moja. Nne. Tano."

"Leo Sabato! Unafanya biashara kwenye sahani ya Mungu?"

"Kwani mkeo akiweka shilingi akachukua peni tisa, huwa anafanya biashara?"

Mtu alicheka. Tulloch akainama, akanong'ona, "Njoo kesho dukani tuyamalize."

"Kesho dukani utanipimia sukari. Kumi na tisa. Ishirini."

"Lakini hizi si..." akaanza Tulloch.

"Malizia, mzee," akasema Rendall, fundi mawe aliyekuwa nyuma ya Grizel. "Hizi si nini? Mimi nimelipwa hizo mwezi mzima."

Tulloch akampa Rendall kisogo. Uso ulikuwa umemwiva. "Nguo zangu hutafua tena," alimwambia Grizel. "Wala za nyumba yoyote ninayoifahamu."

Alizifahamu nyumba nyingi, na ndizo zilizomlisha. Kipande kilimponyoka Grizel, akakiokota tena.

"Basi zifue mwenyewe. Arobaini na moja."

Kengele ilikuwa imenyamaza. Ndani hakuna aliyefungua kitabu cha zaburi. Alipofika sabini na sita, Rendall alitoa mfukoni konzi ya shaba. "Nami nina sadaka, mzee. Nitataka chenji." Nyuma yake mifuko mingine ikaanza kulia.

Tulloch akaifunika sahani kwa mikono miwili.

"Ondoa mikono, mzee," akasema Grizel. "Bado nne."

"Na kanisa litabaki na nini?"

"Na pesa zako. Kesho litakuletea dukani, nalo ulipimie sukari."

Kuzikataa mbele ya waumini wote kulikuwa kukiri kwamba shaba zake si pesa. Tulloch akaiondoa mikono. Grizel akahesabu nne za mwisho kwa sauti kubwa, akampisha Rendall.