Mkate Mkavu Siku ya Zege

Ivonete aliitikia kwa kichwa tu, hata mdomo hakufungua, na hicho ndicho kilichokuja kumla roho.

Watu wa tamthilia walimwajiri awaelekeze maisha ya mlimani, mtaa wao wa maskini juu ya jiji. Walipotaka kisa cha mjane, aliwapelekea cha jirani yake, Dona Zulmira, yaani Bi Zulmira, aliyemzika mumewe Ijumaa na Jumapili akasimamia zege la paa kama marehemu alivyopanga. Walikipenda. Zulmira mwenyewe walimfanyia majaribio ya kuigiza mara mbili, kisha wakasema ni mweusi mno na mnene mno kwa mjane wa kuhurumiwa. Wakaleta mwigizaji mweupe kutoka kusini, wakampaka masizi mashavuni. Zulmira akapewa kupita nyuma na ndoo.

Hilo alilimeza. "Ndoo naijua kumshinda huyo," alimwambia Ivonete, akacheka.

Ubaya ulikuja kwenye chakula. Mlimani majirani humwaga zege lako bure, nawe huwapikia feijoada, maharage meusi yaliyojaa nyama, mpaka washindwe kuinuka. Usipopika utasemwa hadi uzeeni. Mwongozaji aliiondoa sufuria, akapanga mikate mikavu, maana maskini nyama wangeitoa wapi? Akamgeukia Ivonete: "Ndivyo inavyokuwa, siyo?"

Ivonete alijua sivyo. Jumapili ile alikula sahani tatu kwa Zulmira, mjane macho yamevimba akimwongezea. Lakini mwenzake aliyebisha jana yake alikuwa amefukuzwa, na ujira huu ndio ungenunua saruji ya paa lake mwenyewe. Akaitikia.

Tamthilia ilionyeshwa kwanza kwa watu wa mlimani, alasiri, kwenye uwanja wa samba. Zulmira alikaa mbele na gauni lake la kanisani, kando yake mabinti zake waliosafiri kutoka mbali. Nyumba iliyoonyeshwa ilikuwa yake, na kila mtu aliujua ule mlango wa kijani. Mikate ilipogawiwa, Adilson, aliyebeba zege siku ile, akapaza sauti: "Kumbe tulikula mkate, Zulmira? Mbona tumbo langu halina habari?"

Watu wakaangua kicheko. Mabinti wa Zulmira waliinamisha vichwa. Yeye aligeuka, akamtafuta Ivonete kwa macho hadi akampata.

"Wewe ulikuwepo. Hukuwaambia?"

"Waliamua wenyewe, Dona."

Uongo ulimtoka kwa wepesi uliomtia aibu yeye mwenyewe.

Zamu ya zege la Ivonete ilipofika, wanaume walikuja wachache. Jikoni hakuja mwanamke hata mmoja, wakati siku kama hiyo huwa hapapitiki. Ivonete akawa wa kuteka maji, wa kukata nyama, wa kukimbilia juu kila alipoitwa, na aliporudi maharage yalikuwa yameungua sufuria nzima. Alikaa chini akalia.

Ndipo Zulmira akaingia, sufuria yake kubwa kichwani.

"Harufu imenifikia kwangu," alisema. "Hapa hapatalika mkate."

Akawapakulia wanaume wote. Ivonete alimfuata hadi mezani, akasema kwa sauti ndogo: "Waliniuliza, Dona. Nikaitikia."

"Najua. Tangu siku ile hujanitazama usoni." Zulmira alimjazia sahani. "Kula."

Alikula. Ilipokwisha, Zulmira akamwongezea ya pili, kisha ya tatu, kama Jumapili ile ya msiba.