Njia Isiyomtuma Rosa Kiden

Januari ile vumbi la kijiji cha Dranya lilipanda hadi kwenye majani ya mihogo, na mvua ilikuwa imesahaulika. Huo ndio msimu wa Rosa Kiden. Ufuta ukishaingia ghalani, bibi huyu wa miaka sabini na miwili hutoa baiskeli ya marehemu mumewe, hufunga chupa ya maji nyuma, huyoo! Anakwenda wapi? Hajui. Njia zikigawanyika, hufuata ile asiyoijua. Jioni hurudi amekuwa mwekundu kama tofali.

Majirani wakaanza kunong'ona. Mtu mzima azunguke bila shughuli? Ama mwizi, ama kichwa kimeharibika. Maneno yakafika mjini Arua kwa mwanawe Soka, naye akaja na gari, spana mkononi.

"Mama, juzi ulionekana karibu na mpaka. Jana, Lodonga. Unatafuta nini?"

"Ningekijua, si ningekuwa nimeshakipata?"

"Watu wanasema umechanganyikiwa."

"Walikuja kunipima lini?"

Soka hakucheka. Aliinama, akafungua gurudumu la mbele la baiskeli, akalitia kwenye buti la gari. "Ukitaka kwenda mahali, nipigie simu. Nitakupeleka."

"Mahali! Haya, kitendawili."

"Mama, saa hii?"

"Kitendawili!"

"Tega," akasema Soka, mwanamume mzima na kitambi chake.

"Nina kamba ndefu. Haijafunga mbuzi hata mmoja, ila mimi imenifunga tangu utoto."

Soka akawaza. "Njia?"

"Njia. Ya kisimani alinituma mama yangu. Ya kambini kwa askari alinituma baba yako. Ya Kongo zilinituma bunduki, na wewe mgongoni unalilia uji. Nani aliwahi kuniuliza, 'Kiden, wewe ungependa kupita wapi?' Sasa nataka njia isiyonituma. Rudisha gurudumu."

"Siwezi, mama."

"Basi miguu huwezi kuifungua kwa spana."

Akakaza kitenge, akavaa raba, akatoka. Gari likamfuata polepole, Soka akibembeleza dirishani. Kwenye njia panda bibi aliangalia kushoto, akaangalia kulia, kisha akakata katikati, ndani ya shamba la mihogo iliyong'olewa, gari lisikoweza kuingia.

"Mama! Jua litakuua!"

"Litanikuta natembea!"

Soka alikaa na usukani wake. Mgongo ule ulizidi kuwa mdogo, wala haukugeuka. Akapiga honi. Wapi! Mwishowe akageuza gari, akarudi nyumbani mbio, akafunga gurudumu, akapanda baiskeli mwenyewe, akaruka matuta ya shamba huku shati likimchomoka surualini.

Alimfikia akihema. Rosa akashika usukani.

"Shuka."

"Utarudi saa ngapi?"

"Nikirudi utaniona."

Akapanda, akakanyaga, akaingia kijia ambacho hata mbuzi walikuwa wamekiacha. Soka akabaki katikati ya shamba, jasho likimtiririka, akigeuka huku na huku, asijue gari lake liko upande gani.