Mkono Uliotangulia Kalamu

Bibi Leonia hakuiamini ile furaha. Tangu washuke kwenye bodaboda, mjukuu wake Skolastika alikuwa anarukaruka kuelekea chumba cha macho hospitalini, mtoto ambaye jana tu alilia akibandikwa plasta ya jicho.

Skola alizaliwa na utando kwenye mboni ya jicho la kushoto, mfano wa kipande cha wavu wa dagaa. Uliondolewa angali mchanga, lakini jicho lilishazoea uvivu. Kwa hiyo kila siku jicho la kulia, lililo zima, lilizibwa kwa muda wa saa nne, ili hilo jingine lifanye kazi. Sasa ana miaka sita. Akifika minane hivi, walishaambiwa, likibaki vivu ndiyo basi tena.

"Haya mama, tuone." Sista Marcelina akaliziba jicho zima, akainua kalamu kwenye chati ya herufi E zilizolala huku na huku. "Miguu yake inaangalia wapi?"

"Juu. Kulia. Chini. Chini. Kushoto."

"Jamani! Mpaka mstari wa mwisho! Bibi, umefanya kazi."

Leonia hakucheka. Nyumbani, plasta ikiwa usoni, Skola huchambua dagaa kwa kupapasa, na vijiwe anaviacha. Na ule ukuta wa jikoni, nani alichora E kwa mkaa, nyingine chali, nyingine kifudifudi? Leonia, shuleni kule Simbo, alifundishwa E ya kusimama tu. Halafu hapa, mkono wa mtoto unaoonesha upande ulikuwa unatangulia kalamu.

"Sista, samahani. Rudia, ila usioneshe kitu."

Sista akashusha kalamu polepole.

"Juu," Skola akasema. "Kulia. Chini. Chini..."

Akajishtukia, akaacha. Machozi yakamtoka. "Dada Diana alinichorea ukutani. Alisema nikizijua zote, plasta inatoka."

"Kichwa unacho, mwanangu," Leonia akasema. "Nadai jicho."

Jioni aliufuta ukuta kwa tambara bovu, akamfukuza Diana, mjukuu wake mkubwa, akaoshe vyombo, akachora E zake mwenyewe. Akapitisha kidole kuzunguka plasta usoni kwa Skola, isije ikawa imeachia pembeni.

"Hii?"

Skola akasogea, akarudi nyuma, akasogea tena. Maharage yalikaribia kuungua.

"Chali."

Ilikuwa chali kweli. Leonia akageuka haraka kutazama mlangoni, asije Diana akawa anampa ishara. Hapakuwa na mtu. Diana alisikika uani, anagonganisha sufuria.

"Haya," akasema, akisogeza kidole kwenye E iliyofuata. "Na hii?"