Tuta Lililoazima Kikoi Changu

Usiku wa jana niliota tuta la bwawa letu limeingia sebuleni kwa mama mkwe bila nguo, likaketi karibu na mlango kusubiri chai.

Tuta hilo ni la udongo, na mlinzi wa geti lake la maji ni mimi. Jioni nilikuwa nimelifungua geti mpaka mwisho ili mpunga wa mama mkwe, Bi Nyamizi, upate maji kabla ya wengine. Kusema kweli nilikuwa najipendekeza.

"Maige mwanangu," anasema Bi Nyamizi, uso ameuelekeza ukutani kwa heshima, "huyu mgeni mbona yuko hivi?"

"Mkweo kanivua," tuta linamjibu. "Maji ya bwawani ndiyo nguo yangu. Yananikandamiza kwa nje, nasimama. Sasa kayaondoa kwa mkupuo mmoja, na tumboni bado nimelowa chepechepe. Maji ya ndani yanasukuma yatoke, na nje hakuna wa kunishikilia."

"Pole sana. Utakunywa chai?"

"Hapana, mama. Nikiongeza kioevu nitaporomoka."

Natamani ardhi inimeze, lakini ardhi ndiyo hiyo imekaa kwenye kiti.

Mara sebule imekuwa bwawa. Wakulima wote wamekaa bondeni, chini ya tuta, wanakula pilau kwenye viti vya kukodi. Nguzo ya kipimo cha maji inakohoa na kutangaza kwamba maji yakishuka bwawani, nguo ya mlinzi nayo itashuka. Maji yanashuka. Kikoi changu nacho kinashuka. Nakivuta juu, kinashuka tena, na watu wanaendelea kula huku wakinitazama.

"Funga!" naliambia geti.

"Ulinifungua mwenyewe, nifunge mwenyewe," linajibu. "Mikono si unayo?"

Mikono yote miwili imeshika kikoi.

"Nikiporomoka nitawaangukia hao wanaokula," linasema tuta, nalo linatetemeka. "Nisitiri kidogo tu."

"Mpe kikoi," anasema Bi Nyamizi.

"Mama, ndani sina kitu."

"Nimegeuka. Mpe."

Nikampa. Aibu niliyoiona pale sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Niliamka alfajiri nikiwa mtupu. Mke wangu Kabula akasema kikoi hajakiona. Nikajifunga khanga yake, nikakimbilia bwawani.

Upande wa tuta ulioachwa na maji ulikuwa na ufa mpya, mrefu. Juu yake kilitandazwa kikoi changu, kimelowa, pindo zake zimechomekwa kwenye udongo.

Nikaanza kulizungusha geti kulifunga. Bondeni, Bi Nyamizi alikuwa ameshika jembe katikati ya mpunga wake, nusu yake bado mkavu. Aliona maji ya mfereji yanapungua. Akaniona na mimi, na ile khanga ya mwanawe.

Nikaliachia geti, nikaishika khanga.

"Nimegeuka, mwanangu," akasema, na kweli alikuwa amenipa mgongo. "Funga."